Usingizi wa Mkopo: Vichangamshi na Watu wa Barabara ya Kati



Nimeombwa nizungumzie dawa za kulevya. Mwenyekiti amenikubalia nibaki kwenye fungu moja tu. Wataalamu wetu huzigawa dawa hizi katika makundi: kuna vipumbaza, kama heroini, ambavyo huulaza mwili, kuna vileta njozi, na kuna vichangamshi, ambavyo huuamsha. Hilo la mwisho ndilo linaloigusa Dodoma zaidi, na ndilo tunalolizungumza kidogo, kwa sababu mtumiaji wake hafanani na yule tuliyezoea kumnyooshea kidole. Teja wa heroini anasinzia kituoni mchana kweupe na kila mpita njia anamwona. Mtu wa vichangamshi yuko kazini. Ameshika usukani, amebeba gunia, anamwaga zege kwenye Mji wa Serikali, Mtumba, anakesha na daftari usiku wa kuamkia mtihani. Tunamsifu kwamba ni mchapakazi.

Tuanze na mahali tulipo. Barabara ya Kati ikitoka bandarini Dar es Salaam inapita Morogoro, Gairo na Kibaigwa, inaingia hapa, kisha inashika Manyoni, Singida na Nzega hadi mipaka ya Rwanda na Burundi. Ile ya kutoka Iringa inavuka Mtera, inatukuta hapa hapa, halafu inapanda Kondoa na Babati kwenda Arusha. Tuko njia panda, na haikuanza leo. Karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilikatiza Ugogo ikienda na kurudi pwani, wapagazi wa Kinyamwezi wakiwa na mizigo mabegani, na viongozi wa misafara wakilipa hongo kwa watemi wa Kigogo ili wapewe njia na maji. Nchi hii kavu imewapokea watu waliochoka kwa vizazi vingi. Walichofuata hapa kilikuwa maji, chakula na kupumzika. Msafara ulikaa siku kadhaa, ukapata nguvu, ukaendelea. Lori la leo linasimama muda wa kula wali na kukagua tairi.

Ndipo yanapoingia mirungi. Wengi wenu mnayajua, ingawa si wote mtakaosema hivyo mbele ya mzee wa kanisa au shehe wenu. Mnayaita gomba, veve, miraa. Ni vichipukizi vya mti ambao wanasayansi wanauita Catha edulis, unaoota katika nyanda za juu kuanzia Ethiopia na Yemen hadi kusini mwa Afrika. Kwa hapa kwetu mengi huingia kwa magendo kutoka Kenya, hasa Meru, na mengine hulimwa kwa kificho katika milima ya wilaya ya Same. Mtafunaji anachambua kitita, anamenya ganda laini la shina kwa meno ya mbele, anatafuna pamoja na majani machanga, kisha analisukuma tonge shavuni na kulihifadhi hapo. Kwa kuwa ni machungu na yanakausha kinywa, anachanganya na jojo au karanga, anashushia na soda. Utingo ndiye anayemenya. Dereva anapokea kimoja kimoja bila kuondoa macho barabarani. Nimewahi kuketi kwenye kabini ya lori nikiangalia kazi hiyo ikifanyika kwa ustadi wa mtu anayeifanya kila usiku.

Ndani ya jani kuna kemikali iitwayo kathinoni, ndugu wa karibu wa amfetamini kwa umbo na kwa tabia. Jani likishachumwa, kathinoni huanza kuvunjika, na baada ya siku mbili tatu kilichobaki ni dhaifu mno. Ndiyo maana vitita hufungwa kwa majani ya mgomba ili visikauke, na ndiyo maana gari la mirungi halitembei, linaruka. Msafirishaji ana mbio mbili kwa wakati mmoja: anakimbia polisi na anakimbia kunyauka. Watu wanaoishi kandokando ya barabara za kaskazini wanayajua magari hayo kwa mlio wake, na wengine wamezika ndugu kwa sababu yake. Hii ni bidhaa inayoanza kuua kabla mlaji hajaigusa.

Naomba sasa mnivumilie niingie mwilini, maana hapa ndipo watu hudanganyana sana.

Mtafunaji atakuambia gomba linampa nguvu. Si kweli, na ningependa vijana walisikie hili vizuri. Nguvu ya mwili inatoka kwenye chakula na usingizi, basi. Kinachofanywa na kathinoni, amfetamini na methamfetamini ni kuzisukuma seli za ubongo zimwage kwa wingi kemikali zilizokuwa zimehifadhiwa, hasa dopamini na noradrenalini. Kokeini hufika mahali hapo hapo kwa njia nyingine: inaziba mlango ambao kemikali hizo hurudia ghalani. Kwa vyovyote matokeo yanafanana. Moyo unakwenda mbio, shinikizo la damu linapanda, njaa inakatika, joto la mwili linaongezeka, mtu anajiona mwerevu, mwepesi, mwenye maneno. Wenyewe huiita handasi. Uchovu haujaondoka, umefunikwa. Ni mkopo wa kausha damu: fedha unaipata papo hapo bila maswali, lakini marejesho hayasubiri, na usiposhika adabu unakopa kwingine ili ulipe huku.

Marejesho ni nini? Saa chache baada ya tonge kutemwa, handasi inakata. Mtu anakuwa mzito, mkali, mwenye huzuni isiyo na sababu. Anataka kulala na hawezi. Hapo wengi hutafuta cha kuwashusha, ama pombe kali, ama bangi, ama kidonge cha usingizi kilichonunuliwa bila cheti cha daktari. Asubuhi anaamka amechoka kuliko jana, na safari bado. Kwa hiyo anaagiza kitita mapema zaidi. Baada ya miezi ya mwendo huo utamkuta amekonda, tumbo limefunga, fizi zimeanza kuachana na meno, na nyumbani hakuna anayethubutu kumuuliza jambo kabla ya saa nane mchana.

Moyo una hesabu yake. Vichangamshi hubana mishipa inayoulisha moyo damu wakati ule ule vinapoulazimisha ufanye kazi zaidi. Madaktari wa Yemen, nchi ambayo kutafuna ni desturi ya kila alasiri, wameandika kwamba kwa watafunaji mshtuko wa moyo huja zaidi mchana na jioni, saa za kutafuna, ilhali kwa watu wengine huja zaidi asubuhi. Mbeba mizigo wa soko la mahindi la Kibaigwa anayetafuna chini ya jua la Oktoba, haoni njaa, hasikii kiu sawasawa, na mwili wake una joto la ndani na la nje, anauchezea moyo wake kila siku ya soko.

Halafu kuna akili. Kwa Kiswahili cha mtaani, kokote Tanzania, ukitaka kumtukana mtu kwamba amerukwa na akili unamwambia apelekwe Mirembe. Sisi wa Dodoma tunaishi na hospitali hiyo ya wagonjwa wa akili tangu miaka ya 1920, tunapita mbele ya geti lake tukienda sokoni, na bado jina lake tunalitumia kama kofi. Sehemu ya wanaofikishwa pale wamefikishwa na vichangamshi. Dozi kubwa, au kukesha mfululizo, humfanya mtu asikie sauti, aamini mkewe anamwekea sumu, aone polisi nyuma ya kila mti. Kwa methamfetamini hali hii ni kali zaidi, maana dawa hiyo hukaa mwilini kwa saa nyingi kuliko kathinoni na hufika ubongoni kwa nguvu zaidi. Familia hufikiri kwanza amerogwa. Wanauza mbuzi, wanauza ng'ombe, wanazunguka kwa waganga, na wakifika hospitali wamechelewa na wamefilisika. Wengi wa wagonjwa hao hupata nafuu wakiacha dawa na kulala. Wachache hawarudi walivyokuwa, hasa waliokuwa na ugonjwa wa akili katika ukoo.

Nimetaja methamfetamini makusudi. Kuna wanaodhani hilo ni jambo la Marekani na la filamu. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilikamata Dar es Salaam na Iringa kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, shehena ambayo haijawahi kuonekana nchini kabla ya hapo, nyingine ikiwa imefungashwa kama chai na kahawa. Iringa ni jirani zetu wa kusini, barabara moja ya Mtera. Shehena kubwa kiasi hicho kwa kawaida inapita kwenda kwingine, lakini mzigo haupiti mahali bila kudondosha. Ndivyo heroini ilivyoingia Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam.

Nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kitita cha mirungi na gramu ya methamfetamini ni kitu kimoja. Mhadhiri anayewaambia vijana kwamba vyote ni sawa hupoteza imani yao siku wanapoonja cha kwanza na kuona hawajafa. Mwaka 2013 baraza la wataalamu linaloishauri serikali ya Uingereza juu ya dawa za kulevya lilisema ushahidi dhidi ya mirungi hautoshi kuyapiga marufuku. Serikali haikulifuata, na Juni 2014 ikayapiga marufuku. Kenya imekwenda upande mwingine kabisa: mwaka 2016 ilirekebisha sheria na kuitambua miraa kuwa zao rasmi la biashara, na Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilipojaribu kuizuia muguka, ambayo ni aina ya miraa, serikali ya Nairobi ilisema amri hizo hazina nguvu. Kuna watoto wengi wa Meru waliosomeshwa na mti huo. Sisi sheria yetu ya mwaka 2015 imeyaweka mirungi miongoni mwa dawa za kulevya, na mahakama zetu hutoa hata kifungo cha miaka 30 kwa kuyasafirisha.

Siombi sheria hiyo ifutwe. Nimeona mengi mno Mirembe na majumbani kuweza kuomba hivyo. Ninachouliza ni kwa nini mzigo wote unamwangukia kijana mwenye begi la mirungi. Anayefungwa miaka 30 ana mteja, na mteja huyo mara nyingi ana bosi. Bosi amempigia dereva simu saa tano usiku akamwambia mzigo uwe Rusumo kesho kutwa, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka bandarini, na akichelewa posho inakatwa. Hakumwambia atafune. Hakuhitaji kumwambia.

Dereva mmoja mtu mzima, aliyeacha gomba baada ya lori lake kuacha njia upande wa Manyoni, alinieleza jambo ambalo vitabu vyangu havikuwa vimelisema wazi hivyo. Alisema, "Daktari, gomba linakufungua macho, lakini kichwa kinaweza kulala macho yakiwa wazi." Na ndivyo ilivyo. Ubongo uliokosa usingizi hujiibia usingizi wenyewe, sekunde mbili, tatu, nne kwa mara moja, hata mtu akiwa na kichangamshi mwilini. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari hukata mita 22 kila sekunde. Sekunde nne ni karibu mita 90 ambazo hakuna mtu kwenye usukani. Kisha kuna ule ushujaa wa bandia: mtafunaji anajiona yuko makini kuliko alivyo, kwa hiyo anapita mahali ambapo mtu mwenye usingizi wa kawaida angeegesha.

Mwaka 2023, serikali ilipoyaruhusu tena mabasi kusafiri usiku baada ya katazo la miaka mingi, jambo hili lilitakiwa kuwa mezani kuliko lilivyokuwa. Kwa mabasi ya safari ndefu angalau kuna utaratibu wa madereva wawili, na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, inayafuatilia kwa VTS, mfumo wa kufuatilia mwendo wa magari. Abiria nao wana midomo, wanaweza kupaza sauti. Lori la mizigo halina abiria wa kupaza sauti. Saruji haiogopi.

Mtu mwingine asidhani ninawasema madereva peke yao. Taifa zima linaweza kuwapa watu wake vichangamshi ili wasilale. Methamfetamini ilitengenezwa Japani mwaka 1893 na mkemia Nagai Nagayoshi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili vidonge vya dawa hiyo vilitolewa kwa askari na wafanyakazi wa viwandani ili kazi isisimame usiku. Vita vilipokwisha akiba ikauzwa madukani, raia wakaizoea, na mwaka 1951 nchi ikalazimika kutunga sheria ya kuidhibiti. Ilianza na serikali iliyotaka mikono iendelee kufanya kazi.

Kwa wanafunzi nitasema kifupi, maana mko wengi humu na Chuo Kikuu cha Dodoma hakiko mbali. Kahawa na makopo ya enaji navyo ni vichangamshi, ingawa kafeini hufanya kazi kwa namna yake: inaziba mahali ambapo kemikali ya uchovu, adenosini, ingekaa kuuambia ubongo ulale. Wazee wetu wa ugoro wajue pia kwamba nikotini ni kichangamshi, na kati ya vyote nilivyovitaja tumbaku ndiyo inayozika watu wengi zaidi duniani. Mtu mzima mwenye afya anaweza kumudu hadi miligramu 400 za kafeini kwa siku. Kopo la kawaida la mililita 250 lina kama 80. Makopo manne usiku mmoja, hata kama hayajavuka 400, bila chakula, moyo ukidunda hadi mkono unatetemeka kwenye kalamu, hayo ni matumizi mabaya. Tena hayasaidii. Ulichosoma mchana ubongo hukipanga na kukihifadhi ukiwa umelala. Anayekesha siku tatu anamwaga alichochota.

Sasa tiba. Hapa nina neno gumu. Watumiaji wa heroini nchini wana methadoni tangu Februari 2011, ilipoanza kutolewa Muhimbili. Baadaye huduma ikasambaa mikoani, na hapa Dodoma inatolewa Itega, kituo cha tiba ya uraibu kilicho chini ya Mirembe. Nimeona watu waliokuwa wakiiba sufuria za mama zao wakirudi kuwa mafundi na baba wa watoto. Lakini methadoni haimsaidii mtu wa mirungi wala wa methamfetamini. Hakuna dawa ya namna hiyo kwa vichangamshi, hapa kwetu wala Ulaya. Kinachofanya kazi ni kirefu na hakina sindano: usingizi uliosimamiwa siku za mwanzo, chakula, ushauri nasaha wa wiki kwa wiki, kuwalipa watu kwa vizawadi vidogo kila kipimo kinapoonyesha mwili safi, na kuibadili kazi au ratiba iliyomfikisha mtu huko. Siku za mwanzo huzuni inaweza kuwa nzito hadi mtu akafikiria kujiua, kwa hiyo asiachwe peke yake chumbani eti apumzike.

Angalieni hilo la mwisho nililolitaja, ratiba. Ukimtoa dereva Itega akiwa mzima, ukamrudisha kwenye lori lile lile, kwa bosi yule yule, kwa saa zile zile, umemtibu kwa wiki mbili.

Hivyo maombi yangu nayaelekeza kwa watu wanaoweza kuyafanyia kazi. Wenye malori, wekeni madereva wawili kwenye safari inayozidi saa nane, na mlipe kwa safari iliyofika salama. Posho isikatwe kwa sababu mtu aliegesha kulala. Wakubwa wa Jiji, barabara ya mzunguko wa nje ina kilomita 112. Tengeni juu yake, upande wa Nala na upande wa Ihumwa, viwanja vya kuegesha vyenye taa, mlinzi, choo na maji, dereva aweze kulala bila kuibiwa mafuta. Wake na mama wa madereva, mtu wenu akianza kusikia sauti au kuwashuku watu wa ndani, msimpeleke kwa mganga kwanza. Itega iko ndani ya jiji hili, na Mirembe inapokea wagonjwa wa nje. Nendeni naye wiki hiyo hiyo.